Programu ya sataranji ni mtoto wa kijiwe chake

Mwezi Agosti 2025, kwa siku tatu, programu nane kubwa za lugha, zile zinazozungumza na watu kwa maandishi, zilishindanishwa katika sataranji kwenye jukwaa la Kaggle. Fainali ilizikutanisha o3 ya OpenAI na Grok 4 ya xAI, na o3 ikashinda 4–0. Habari ilifika haraka kwenye makundi ya WhatsApp ya wachezaji wa huku kwetu, na maelezo yaliyoambatana nayo yalikuwa yaleyale: mashine siku hizi zinajifunza kwa kucheza, na kila mchezo unaocheza nazo unazidi kuzinoa. Kwa mashine zile, hilo si kweli. Programu ya aina hiyo huingia mchezo wa pili ikiwa vilevile ilivyoingia wa kwanza, kwa sababu mafunzo yake yalikwisha kabla ya mashindano kuanza. Kimi K2, mojawapo ya hizo nane, ilionyesha hali hiyo waziwazi. Ilifuata ufunguzi unaojulikana kwa hatua chache, kisha njia iliyozoeleka maandishini ilipoishia, ikaanza kutaja hatua zisizoruhusiwa na kanuni. Michezo yake minne dhidi ya o3 ikaisha kabla haijachangamka, na kushindwa kwa mchezo wa kwanza hakukuisaidia chochote katika wa nne.

Kosa hilo linastahili kusahihishwa kwa sababu linaficha jambo la kweli lililo jirani yake. Ipo jamii ya programu za sataranji zilizojifunza, na zinazoweza bado kujifunza, kutokana na michezo zinayocheza na watu mtandaoni. Hizo hazikutoka kwenye makampuni makubwa. Zilitungwa na watu wa ridhaa: walimu wa vyuo, wanafunzi, mafundi wanaoandika msimbo usiku baada ya kazi za mchana. Sehemu ya mchezo iliyofaidika sana na mafunzo ya namna hiyo ni ufunguzi, yaani hatua kumi au kumi na tano za mwanzo. Hoja yangu ni kwamba programu inayojifunza ufunguzi kwa kucheza mtandaoni hujifunza kijiwe chake. Anayetaka kujua imefundishwa nini hana budi aulize imecheza na nani. Wengi wanalihesabu jambo hilo kuwa kasoro ya zamani iliyofutwa na teknolojia mpya. Mimi naliona kuwa somo kubwa kuliko yote waliyotuachia watunzi hao, na inaniuma kuona tunalipoteza.

Aliyewahi kukaa kwenye kijiwe cha drafti, penye ubao uliochorwa kwa mkono na kete za vizibo vya soda, atanielewa upesi. Bingwa wa kijiwe kimoja anajua fulani hupenda kuachia kete ya pembeni, na fulani mwingine akitishwa hukimbilia kubadilishana. Mpeleke mtaa wa pili, anaweza kuchapwa asubuhi nzima na watu ambao hawajamzidi akili. Alichokuwa nacho kilikuwa ujuzi halisi, ila ujuzi wenye anwani. Programu nitakazozieleza zilikuwa na ujuzi wa aina hiyo, na waliozitunga walilijua hilo mapema kuliko wengi wanaoandika leo kuhusu akili bandia.

Tuanze na ufunguzi wenyewe. Nyeupe ana hatua 20 za kuchagua kwenye zamu yake ya kwanza. Nyeusi akishajibu, michezo inayowezekana imefika 400. Nyeupe akicheza tena ni 8,902, na Nyeusi akijibu mara ya pili ni 197,281. Hapo kila mmoja amesogeza kete mara mbili tu. Hakuna programu inayoweza kupiga hesabu kutoka hapo hadi mwisho, kwa hiyo tangu zamani watunzi wamezipa programu zao kitabu cha ufunguzi: hazina ya mikao ya ubao, na kwa kila mkao hatua zinazofaa pamoja na uzito unaoamua hatua ipi ichezwe mara nyingi zaidi. Deep Blue, iliyomshinda Garry Kasparov kwa 3.5–2.5 Mei 1997, ilikuwa na kitabu cha mikao karibu 4,000 kilichoandaliwa kwa mkono na magwiji wa mchezo, akiwemo Joel Benjamin na Miguel Illescas, na nyuma yake hazina ya michezo 700,000 ya magwiji wengine. IBM iliweza kuwalipa watu hao. Mtunzi wa ridhaa hakuweza. Ilimbidi kitabu chake kijiandike chenyewe.

Mahali pa kujiandikia palipatikana miaka ya tisini. Seva ya kwanza ya sataranji kwenye intaneti ilianza 1992. Mwaka 1995 iligeuzwa kuwa huduma ya kulipia, ICC, na katika mwaka huohuo waliokataa kulipa wakaanzisha ya bure, FICS. Programu ya XBoard, pamoja na ndugu yake WinBoard ya Windows, ambazo Tim Mann alizitunza kwa miaka mingi, zilimwezesha mtu yeyote kuiunganisha injini yake, yaani programu inayopiga hesabu ya hatua, na seva, akaiacha icheze usiku kucha na wageni kutoka kila pembe ya dunia. Mmoja wa waliotumia nafasi hiyo ipasavyo ni Robert Hyatt, wakati huo mwalimu wa Chuo Kikuu cha Alabama pale Birmingham. Yeye na wenzake walikuwa wameshatwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mara mbili, 1983 na 1986, kwa programu ya Cray Blitz iliyohitaji kompyuta za bei ya ajabu. Crafty, mrithi wake, ilitembea kwenye kompyuta ya kawaida, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote.

Kwenye ICC, Crafty ilikutana na tatizo ambalo maabara isingeliona. Mtu akigundua tundu kwenye kitabu chake, njia moja inayoishia kwa ushindi, alirudi kesho yake akaicheza tena, na keshokutwa tena. Programu isiyo na kumbukumbu hupigwa kofi shavu lilelile mara mia. Jibu jepesi lilikuwa kuipunguzia uzito njia iliyoleta kushindwa. Lakini jibu hilo lina dhuluma ndani yake. Mchezo unaweza kupotea kwenye hatua ya 60 kwa kosa la vitunda (kete ndogo za mstari wa mbele) viwili vya mwisho, ilhali ufunguzi ulikuwa mzuri, na kitabu kikaadhibiwa bure. Hyatt, katika makala aliyoichapisha 1999 kwenye jarida la chama cha kimataifa cha sataranji ya kompyuta, alieleza njia nyingine. Programu ikishatoka kitabuni, itazame tathmini zake yenyewe, yaani makadirio yake ya nani yuko mbele, katika hatua kumi zinazofuata. Zikipanda, njia ile ilimfikisha mahali pazuri. Zikishuka, ilimwacha jangwani. Matokeo ya mwisho ya mchezo yasitawale hukumu.

Kuna jambo jingine katika njia ile ambalo huwa linapitwa haraka na wasomaji, nami nataka tulisimamie. Hyatt hakuziamini tathmini hizo sawasawa. Aliingiza kwenye hesabu jinsi programu ilivyokuwa imechimba kwa kina, na pia reitingi ya mpinzani, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, ikilinganishwa na ya Crafty. Ukipata mkao mzuri dhidi ya mchezaji dhaifu, huenda ni yeye aliyekosea, kwa hiyo usiusifu sana ufunguzi wako. Ukipata mkao mbaya dhidi ya mchezaji dhaifu, hapo amini kabisa kwamba una tatizo. Mtu aliyeandika kanuni hiyo alikwisha kukubali kwamba kila somo lina mwalimu, na kwamba uzito wa somo hutegemea mwalimu ni nani. Isitoshe, Crafty iliandika yale iliyojifunza kwenye faili ya maandishi ya kawaida ambayo mtu aliweza kumpa mwenzake, akaiingiza kwenye nakala yake. Vijiwe viliweza kuazimana uzoefu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Australia. Andrew Tridgell, ambaye watu wa kompyuta wanamjua zaidi kwa Samba na rsync, programu za kushirikisha na kunakili faili, alitunga programu ya sataranji iitwayo KnightCap, na pamoja na Jonathan Baxter na Lex Weaver wakaipa njia ya kujifunza waliyoiita TDLeaf. Kwa maneno mepesi: programu inalinganisha ilichodhani kuhusu mkao kwenye zamu moja na inachodhani zamu inayofuata, na dhana mbili zikipishana inarekebisha vipimo vyake ili safari nyingine dhana ya mwanzo iwe karibu na ya baadaye. Waliipeleka FICS ikiwa inajua thamani ya kete tu, vipimo vingine vyote vikiwa sifuri. Ilianza na reitingi ya 1650. Baada ya siku tatu na michezo 308 ilikuwa imefika 2150. Baadaye walimwongezea kitabu cha ufunguzi kinachojifunza, akapanda zaidi. Namwita "yeye" bila kukusudia, maana mwendo wake unafanana na wa kijana anayekua.

Jambo ninalotaka lisisitizwe ni jaribio lao la upande wa pili. Waliiacha KnightCap ijifunze kwa kucheza na nafsi yake, kisha wakaikutanisha na ile iliyofundwa na wachezaji wa FICS. Iliyojichezea yenyewe ilichapwa vibaya. Sababu walizozitoa ziliingia akilini: ikicheza peke yake ilizunguka kwenye mikao ileile, wakati kule mtandaoni kila mgeni alikuja na wazimu wake. Tena, kadiri reitingi yake ilivyopanda, ndivyo wachezaji wenye nguvu zaidi walivyokuja kuijaribu. Hakuna aliyepanga mtaala ule. Kijiwe chenyewe kiliupanga, kwa tabia ya watu kutafuta mpinzani anayelingana nao.

Nimeyaona madhara ya kijiwe kibaya kwa macho yangu. Miaka michache nyuma niliandika programu ndogo kwa Python, nikaiacha kwenye kompyuta mpakato ya zamani icheze mtandaoni usiku, ikiongeza uzito kwa kila njia iliyoleta ushindi. Baada ya wiki mbili ikawa na mapenzi makubwa na Gambiti ya Englund (herufi na namba zinazofuata ni majina ya vyumba vya ubao): Nyeupe anacheza d4, Nyeusi anatoa kitunda kwa e5, malkia wake anashuka e7 kisha b4 na kunyakua kitunda cha b2. Hapo Nyeupe akileta askofu c3 anafungwa kwenye hatua ya nane. Akileta farasi c3, Nyeusi ndiye anayebaki taabani. Wapinzani wa reitingi ya chini walileta askofu, wengi mno. Programu yangu ikajifunza kwamba dunia nzima huleta askofu, na ilipopanda kidogo ikakutana na watu wanaoleta farasi, ikateremka hadi ilipotoka. Watu wa KnightCap walikuwa wamelitibu gonjwa hilo miaka ishirini kabla yangu. Kanuni yao ilisema: hali yako ikiboreka ghafla baada ya hatua ya mpinzani ambayo wewe hukuitabiri, usijifunze chochote kutokana na faida hiyo, kwa sababu inaelekea ni kosa lake. Ungefuata kanuni hiyo, askofu wa c3 asingekufundisha kitu.

Kama njia hizi zilikuwa nzuri hivyo, kwa nini leo ni nadra kuzikuta? Jibu la kawaida ni kwamba zilishindwa na nyingine bora. Naona jibu hilo linaruka jambo la mabomba. Injini na dirisha lake, yaani programu inayoonyesha ubao, huzungumza kwa lugha maalumu ya amri. Katika lugha ya XBoard, mchezo ukiisha injini hutumiwa amri inayosema nani ameshinda, na mwongozo wake unaeleza kwamba taarifa hiyo yaweza kutumika kuanzisha kujifunza. Mwaka 2000 ilikuja lugha nyingine, UCI, ya Stefan Meyer-Kahlen na Rudolf Huber, iliyo nyepesi kwa mwandishi wa injini na ndiyo karibu kila injini inayoitumia sasa. UCI haina amri ya kuiambia injini matokeo ya mchezo. Injini inapewa mkao, inaulizwa hatua, inajibu, basi. Kitabu nacho kikahamia kwenye dirisha, mbali na injini. Hata faili za kitabu za muundo wa Polyglot, zinazotumika hadi leo, zinabeba kovu hilo. Kila ingizo lina baiti 16: nane za mkao, mbili za hatua, mbili za uzito, na nne zilizotengwa kwa ajili ya kujifunza. Hizo nne za mwisho kwa kawaida ni sifuri. Maelfu kwa maelfu ya mikao, kila mmoja na chumba chake cha kumbukumbu, vyumba vyote vitupu.

Kisha ikaja Lichess. Tovuti hiyo ya bure, aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010, ilifungua mlango rasmi kwa akaunti za roboti mwaka 2018. Kijana mwenye kompyuta moja anapakua daraja liitwalo lichess-bot, anaunganisha injini yake, na kabla ya jua kuzama yuko hewani. Nilifurahi sana mlango huo ulipofunguliwa. Lakini daraja lilelile linampa pia njia ya mkato: linaweza kuchukua hatua za ufunguzi moja kwa moja kutoka hazina za mtandaoni, kama vile takwimu za michezo ya Lichess yenyewe au ghala la chessdb la China. Mtunzi anawasha kitufe hicho, na programu yake ya mwezi mmoja inacheza hatua kumi na mbili za mwanzo kama gwiji. Daraja pia linaweza kuitafutia programu wapinzani miongoni mwa roboti wenzake. Matokeo yake ni roboti wawili wanaosoma kutoka kitabu kimoja cha kuazima, wakitazamana, na injini iliyo nyuma yao haijui walifikaje pale walipo. Ni kama watoto wawili wanaonakili daftari la mtu wa tatu, kila mmoja akidhani mwenzake ameelewa.

Hoja dhidi yangu zipo, na nyingine ni nzito. Nianze na iliyo nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: kwamba AlphaZero ilikwisha kufunga mjadala. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, iliyopewa kanuni tu, ilijichezea michezo milioni 44 kwa saa tisa, na ilipofika saa ya nne ilikuwa imeipita Stockfish, injini mashuhuri ya msimbo wazi. Njiani iligundua yenyewe funguzi ambazo binadamu wamezitumia kwa vizazi, ikazipenda baadhi na kuziacha nyingine. Basi, wanasema, binadamu wa kufundisha wa nini? Jibu la kwanza ni la mfuko. Michezo hiyo ilizalishwa na chipu maalumu 5,000. KnightCap ilitumia michezo 308. Mtu wa Kigoma au wa Košice kule Slovakia mwenye kompyuta moja hachagui kati ya njia hizo mbili, kwa sababu moja hana. Jibu la pili ndilo linaloivunja hoja. AlphaZero haikuachwa ijichezee kimyakimya. Iliwekewa bahati nasibu makusudi, ikalazimishwa mara kwa mara kujaribu hatua ambazo isingezichagua, ili isizunguke kwenye mikao michache. Maana yake DeepMind nao walihitaji wageni wenye wazimu wao. Tofauti ni kwamba waliwatengeneza kwa hesabu badala ya kuwasubiri mlangoni. Na Stockfish yenyewe leo hupimwa kwa kuanzishwa kwenye mikao iliyochaguliwa kutoka funguzi za binadamu zisizo na mizani, na mashindano ya injini yaitwayo TCEC huzipangia injini funguzi zilizochaguliwa mapema na mtu, kwa sababu zikiachwa zianze zenyewe sare zingekuwa nyingi kupita kiasi. Hitaji la utofauti halijaondoka popote. Limebadilisha mlezi.

Hoja nzito ni ya takwimu, na aliyewahi kupima injini ataileta mara moja. Tuseme njia fulani inaipa programu asilimia 53 ya alama badala ya 50. Kwa jinsi matokeo ya sataranji yanavyoyumba, kuthibitisha kwamba hizo tatu za ziada si bahati kunahitaji takriban michezo 700 hadi 1,000 ya njia hiyo moja. Rudi kwenye zile 197,281. Hakuna programu ya ridhaa itakayopata michezo elfu moja kwa kila tawi, hata ikicheza bila kulala. Anayehesabu ushindi na kushindwa peke yake anajifunza kelele. Nalikubali hili bila kusitasita, na programu yangu ya Englund ni shahidi wa upande wao. Lakini tazama walichokifanya Hyatt na Tridgell: wote wawili waliepuka kuhesabu ushindi. Walisoma tathmini kumi za mchezo mmoja, au mabadiliko ya dhana katika kila zamu, kwa hiyo mchezo mmoja uliwapa taarifa nyingi badala ya neno moja. Hoja ya takwimu inaua ujifunzaji wa kivivu. Ule wa makini inaudhoofisha tu. Nyongeza ni kwamba hakuna haja ya kujifunza matawi yote. Kijiwe chochote kina njia zake ishirini au thelathini zinazorudiwa kila siku, na programu inayokutana nazo kila siku ina michezo ya kutosha hapo hasa inapoihitaji.

Inasemwa pia kwamba programu inayojifunza hadharani inaweza kulishwa sumu: watu wakubaliane kushindwa makusudi kwenye ufunguzi mbovu mpaka iupende, kisha waivune. Inawezekana. Uzito unaotegemea reitingi hupunguza hatari hiyo, na anayejitolea kupoteza michezo mingi ili aidanganye programu ya mwanafunzi analipa gharama kubwa kwa faida ndogo. Sioni sababu ya kukaa sana hapo.

Linalonishughulisha ni matokeo ya kukisahau kijiwe. La kwanza linawahusu wachezaji wanaotumia roboti kujinoa. Anayefanya mazoezi na injini iliyokulia kwenye hazina za kuazima anajiandaa kwa wapinzani ambao hatakutana nao. Kwenye mashindano ya shule au ya klabu, mpinzani wake ataleta askofu c3. Mradi wa Maia, uliotangazwa 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft, ulilielewa hilo. Walifundisha mifano tisa, kuanzia reitingi ya 1100 hadi 1900, kila mmoja kwa michezo milioni 12 ya wachezaji wa kiwango hicho kwenye Lichess, na lengo lilikuwa kutabiri hatua ambayo mtu wa kiwango hicho angecheza, hata kama ni mbaya. Baadhi ya mifano hiyo inacheza Lichess kama roboti. Maia ni kijiwe kilichohifadhiwa kwa uaminifu. Lakini kijiwe chenyewe ni Lichess nzima, dunia yote ikiwa imechanganywa kwenye chungu kimoja. Vijana wa Mombasa wanaochukua funguzi zilezile kutoka kwa kocha mmoja hawaonekani humo. Programu ndogo, inayojifunza kwa michezo mia tatu ya klabu moja, ndiyo ingewaona, na kuitunga hakuhitaji chipu 5,000. Kunahitaji mtu anayeandika kwenye faili, baada ya kila mchezo, mpinzani alikuwa nani, reitingi yake ilikuwa ngapi, kitabu kiliishia hatua ya ngapi, na tathmini kumi zilizofuata zilikwendaje. Daraja la Lichess linayajua matokeo hata kama UCI haiyasemi. Bomba lililokatwa mwaka 2000 linaweza kuunganishwa tena kwa jioni chache za kazi.

La pili linatugusa karibu zaidi. Jeroen Donkers wa Chuo Kikuu cha Maastricht, aliyemaliza udaktari wake 2003, alitafiti namna programu inavyoweza kumzingatia mpinzani maalumu inapopiga hesabu, na mchezo mmojawapo alioutumia kwa majaribio ulikuwa bao la Kiswahili. Miongoni mwa vipimo vya kutathmini ubao alivyovitumia, kimojawapo kilifundishwa kwa njia ileile ya KnightCap. Kwa hiyo uzi unaotoka Australia umekwisha kugusa mashimo yetu 32 na kete zetu 64, na uliyagusa huko Uholanzi. Nasema hivi kwa heshima kwa kazi ile, na kwa shauku ya kuona hatua inayofuata ikifanyika huku, kwa sababu huku ndiko waliko walimu. Bao lina ufunguzi wa namna yake: kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na mpaka zile 22 ziishe watu wananamua, kete moja kwa kila zamu, na mkao wa nyumba, shimo kuu la kila mchezaji, unaamua mengi kabla ya mtaji, awamu ya pili, kuanza. Namna mzee wa Unguja anavyoilinda nyumba yake huenda isiwe namna ya kijana wa Temeke, na tofauti hizo zimeshikwa na watu waliokaa kwenye mkeka pamoja. Ningependa programu ya bao itakayowekwa mtandaoni kwa umma ianze kama KnightCap, ikijua thamani ya kete tu, ipigwe wiki ya kwanza na yeyote anayeijia, na kila kipigo kiandikwe pamoja na mahali kilipotoka. Tukiifungua faili yake baada ya michezo 300, tutasoma ndani yake jinsi watu wa mahali fulani wanavyonamua.